Zombi wa Marekani na msukule wetu hawatishi watu walewale

Huu mwaka wa saba nipo hapa Pittsburgh na kila ikifika Oktoba lazima kazini wataniuliza kama napenda muvi za mazombi, maana hapa ndo kwao. Ile Night of the Living Dead ya George Romero ya 1968, ambayo ndo imewafundisha watu dunia nzima zombi anatembeaje na anakula nini, ilipigwa Evans City, kamji kadogo kaskazini ya hapa, kwa hela ndogo sana, kama dola 114,000 hivi. Iliyofuata, Dawn of the Dead ya 1978, wakaipigia kwenye mall ya Monroeville, hiyo hiyo ambayo mi nilipofika nilienda kununua koti langu la kwanza la baridi. 2006 walijazana pale watu 894 wamejipaka damu ya bandia wanajiburuta kama maiti, wakavunja rekodi ya dunia.

Sasa mi nimekaa na hawa watu nikawasikiliza kweli, maana nilitaka kujua wanapenda nini humo. Wengi ni vijana, wanaenda kikundi, wanacheza na magemu yake, na ukiwauliza wote wanarudi palepale: mi ningefanyaje? Ningejifungia nyumba gani, ningebeba nini, nani ningemwacha. Jamaa mmoja wa shifti yangu anao mpango kabisa, anajua mpaka barabara atakayopita. Ndo maana 2011 kile kituo cha serikali yao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliandika maelekezo ya kujiandaa na mazombi, maji, chakula, dawa, tochi, na ukurasa ukazidiwa na watu mpaka ukaanguka, wakati begi lenyewe ni lilelile la kimbunga na mafuriko. Walijua vijana hawasomi habari za mafuriko ila za zombi watasoma.

Nyumbani hilo swali la ningefanyaje halipo, jibu lake kila mtu analo, unapiga yowe majirani watoke. Kwenye hizi muvi jirani ndo anakuja kukung'ata, na mtu aliyekaa apatimenti miaka minne hajui jina la mlango wa pili hiyo inamwingia moja kwa moja. Namuelewa kabisa, na mi jirani yangu wa juu namjua kwa viatu tu.

Halafu kuna maiti yenyewe. Huku kuna wenzangu wana miaka 30 na kitu hawajawahi kugusa maiti, mtu akifa anachukuliwa na kampuni ya mazishi, anapambwa, mnamuona saa moja, basi. Mi nilivyofika darasa la saba nilishalala kwenye mikeka ya msiba mara sijui ngapi, nilishaona jeneza linashushwa nikarusha udongo kwa mkono wangu, na sisi huku akifa mmoja wetu tunachanga mpaka mwili ufike nyumbani. Kwetu marehemu ana jina, ana watoto, ana deni dukani kwa Mangi. Sasa maiti mia tatu zisizo na jina zinatembea barabarani zinapigwa risasi za kichwa, hiyo itanitisha na nini?

Kule Mbagala, Dar, hizi muvi tuliziona kwenye kibanda umiza, shilingi mia, mabenchi, jasho, mtafsiri na maiki yake anaweka Kiswahili juu, na kila zombi anampa jina la mtu wa mtaani, ukumbi mzima unacheka. Hakuna aliyeogopa hata mmoja. Lakini stori ya msukule ikianza, yule mtu aliyezikwa kumbe inasemekana wachawi wamemficha wanamfanyisha kazi, tena mchana kweupe, watu wananyamaza. Mtaa wa pili kulikuwa na mama alifiwa na kijana wake wa miaka 19, akazikwa vizuri tu, baadae mtu akamwambia kijana kaonekana usiku analima shamba la watu. Yule mama miaka na miaka kila jioni alikuwa anaweka sahani ya ugali na mboga mlangoni, anasema mwanangu hawezi kulishwa pumba na mimi nipo. Mi niliiona ile sahani kwa macho yangu, na mpaka leo sijaona muvi ya kutisha kama ile sahani.

Na ukifuatilia, zombi mwenyewe alianza hivyohivyo. Alitokea Haiti, kwa watumwa wa mashamba ya miwa, watu waliokuwa wanaogopa kwamba hata kifo hakitawatoa shambani, kwamba utafufuliwa ukalime tena. Neno lenyewe wanalirudisha kule kwetu Afrika, Afrika ya Kati, upande wa Kongo. Zile muvi za mwanzo kabisa, kama ile White Zombie ya 1932, bado zombi ni mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, hali mtu, anasukuma tu gurudumu usiku kucha. Baadae ndo wakamwondolea bwana wake wakampa njaa. Kwa hiyo wasanii wetu wa Bongo muvi wanaopaka watu unga usoni na kuwakimbiza porini wanamuiga zombi aliyeshapoteza kile kinachotuuma sisi. Mteja wao Bongo si kijana wa magemu, ni mama mwenye ile sahani, na familia nzima iliyokaa nyuma yake. Mi hili naliamini kabisa.

Mwaka jana nikamtumia dada'ngu ile ya 1968, haina shida ya haki miliki maana walibadilisha jina la filamu wakasahau kuweka tangazo la hakimiliki, ikawa ya wote. Akaangalia na bi mkubwa huku anamtafsiria. Risasi na moto hazikumshtua kitu. Ila pale Johnny, kaka mtu aliyeuawa mwanzo kabisa makaburini, anapotokea mlangoni na kundi la maiti na kumvuta dada yake, bi mkubwa akainuka akatoka nje, ikabidi wasimamishe.

Alirudi akamalizia. Mwisho wake mnaujua, Ben, yule kijana mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, aliyepambana usiku kucha, anapigwa risasi asubuhi na wazungu wenye bunduki waliodhani ni zombi. Romero alishasimulia kwamba walikuwa njiani wanaipeleka filamu New York ndo wakasikia redioni Martin Luther King kauawa.

Usiku ule bi mkubwa akanipigia. Akaniuliza, mwanangu, yule kijana ndugu zake walipewa taarifa? Nikamwambia hapana mama, walimburuta kwa ndoano wakamchoma pamoja na wale wengine. Akakaa kimya, akauliza tena, kwao ni wapi? Filamu haisemi.