Bahari ya Bosi Inavuja

Jamani, nani alimwambia bosi wangu kwamba bahari haitoshi? Hapa Masaki, Dar es Salaam, ukitoka getini, ukakata kushoto, hata sigara haijaisha ushafika ufukweni. Bahari ipo, kubwa, ya bure, haitumii umeme wa LUKU. Yeye kaona akate kipande chake cha lita 400, akakiweka sebuleni ndani ya kioo, na samaki wake na matumbawe yake, halafu huyoo, kapanda ndege na madamu wake. Bahari kaniachia mimi.

Mimi nimeajiriwa mlinzi. Mkataba unasema geti, taa za nje na mbwa. Hakuna mahali palipoandikwa konokono.

Kitu chenyewe kizuri, sikatai. Wageni wakikaa mbele yake wanasahau chai mpaka inapoa. Ila mama mdogo alipokuja kunisalimia, nikamchungulisha dirishani, aliuliza swali moja tu: "Hao wanaliwa lini?" Nikamwambia hawaliwi mama, wanatazamwa. Akanishika bega kwa huruma. Yeye ni mtu wa Kilwa, na kule wazee walichoma matumbawe wakapata chokaa, na kwa mawe yake wakajenga ule msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani. Kumbe zamani matumbawe ndiyo yaliyojengea watu nyumba. Masaki watu ndio wanaoyajengea matumbawe, tena nyumba yenye kiyoyozi.

Maana hawa viumbe joto hawaliwezi. Wanataka nyuzi 25 mpaka 27. Likipanda sana na likakaa, wanapauka weupe, kama ilivyotokea mwambao wetu wote mwaka 1998 bahari ilipochemka. Kwa hiyo kiyoyozi cha sebuleni kinaunguruma usiku na mchana, watu hamna. Kibanda changu cha getini kina feni ya mezani iliyovunjika shingo, inapuliza ukuta.

Na maji je? Hapo ndipo roho inaponiuma. Maji ya bomba hayaingii humo hivihivi. Yanapitishwa kwanza kwenye mtambo wa kuchujia uliofungwa jikoni, yanatoka tone kwa tone kama dripu ya hospitali. Kwa kila ndoo moja safi, ndoo tatu zinamwagika pembeni. Hizo naoshea gari na kumwagilia maua. Sasa yale masafi kabisa, yasiyo na chochote, tunayafanya nini? Tunayatia chumvi! Chumvi ya kopo, ya ng'ambo, gramu 35 kwa lita, mpaka kipimo cha chumvi kisome 1.025. Nilimwambia bosi nitampelekea dumu mbili za Coco Beach alfajiri, bure, zimeshatiwa chumvi na Mungu mwenyewe. Akasema mvua ikinyesha Mto Msimbazi unateremsha kila uchafu wa mji mpaka baharini, pale Daraja la Salenda. Hapo nilinyamaza. Msimbazi naujua, nimewahi kupanga Jangwani, bondeni kwake.

Halafu yanapungua. Kuna feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya maji ziyapoze, na kila zikipuliza maji yanapaa. Yanayopaa ni maji matupu; chumvi haina mabawa, inabaki. Kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Mwambie dada wa jikoni! Yeye alikuwa ananisaidia, kila asubuhi anajazia ya chumvi, "si bahari hii, kaka?" Kipimo kikapanda, matumbawe yakajikunja yakanuna, simu ya ng'ambo ikanipigia mimi.

Upungufu wenyewe huuoni tangi la juu. Lile linamwagikia chini kupitia kingo yake, usawa wake haubadiliki. Unauona kwenye tangi dogo lililo ndani ya kabati, penye pampu. Madamu, akiwa likizo hapa, kila akifungua kabati alikuwa anapiga kelele: "Inavuja!" Haivuji madamu, inapaa. Kuvuja kuna dalili zake. Maji ya chumvi hayajui kutoroka kimyakimya: tone likitoka linakauka, linaacha unga mweupe, na kesho unga juu ya unga, mpaka pale penye ufa panaota ukoko. Mwizi anayeacha nyayo nyeupe, mimi mlinzi nataka nini tena?

Ndiyo maana zulia lilipolowa sikubabaika. Nilichovya kidole nikaonja. Mngefanya hivyo hivyo. Maji ya kiyoyozi hayana ladha, na mbwa analala kwangu. Haya yalikuwa chumvi. Nikafuta viungo vyote vikakauka, nikazungushia kila kimoja karatasi ya chooni, nikajilaza chini ya kabati na tochi. Elbo kavu. Tenki konekta, kile kiungo kinachopitisha bomba kwenye kioo cha tangi, kavu. Karatasi ya yunioni, kile kiungo cha kufungulika cha juu ya pampu, chapachapa. Nikapiga picha, nikatuma. Jibu: "Usiguse. Ita fundi."

Fundi akaja na bodaboda kutoka Namanga ya hapa hapa mjini, penseli sikioni. Fundi bomba wa mji huu ana dawa mbili za magonjwa yote: thredi tepu na nguvu. Karatasi zangu hakuzitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye tenki konekta, kavu, haina kosa na mtu, akaanza kuikaza na pipe renchi.

Fundi! Hiyo ni ya plastiki na imeshika kioo! Kinachozuia maji hapo ni washa ya mpira, nayo inakaa upande wa kichwa cha konekta, siyo upande wa nati. Unakaza kwa mkono, unaongeza robo mzunguko, unaacha. Ukizidisha, mpira unatoka pembeni, au kioo kinakuaga. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, wewe si mlinzi?"

"Ndiyo. Nalinda."

Akaona nguvu imeshindikana, akazama kwenye mfuko akatoka na koki ya shaba, inang'aa, akasema hii itakaa mpaka kwa wajukuu wa bosi. Nikamrudishia mfukoni mwenyewe. Shaba humo ndani ni sumu. Samaki anaweza kuvumilia kidogo, lakini kamba, konokono na matumbawe hawasalimiki. Akauliza kamba mmoja bei gani. Nikamtajia. Akakaa chini, akaomba maji ya kunywa.

Alipopata nguvu akapendekeza tukate bomba lote tuunge upya, "gundi dakika kumi tu mzee." Gundi ya PVC kushika inashika upesi, hilo kweli, ila kabla hujaipitishia maji ya pampu uipe siku nzima. Siku nzima pampu imezimwa, wale wa bei mbaya wapumue nini? Nikamwomba tufungue yunioni tu. Tukazima pampu, tukafunga vali, tukafungua. Ndani mna mpira mwembamba wa duara, na juu ya mpira, chembe ya mchanga. Moja! Tukauosha, tukaupaka grisi ya silikoni, tukafunga kwa mkono. Kavu mpaka leo. Fundi akadai hela ya ufundi, ya nauli, na "ya mazingira magumu". Mazingira magumu, kwenye kiyoyozi.

Pampu nayo ina mambo yake. Maji haya yana chokaa, na chokaa inapenda kuganda kwenye pampu. Mwanzo inanung'unika, baadaye inachoka. Dawa ni siki. Unailoweka kwa siki na maji nusu kwa nusu, inatoa mapovu, chokaa inaachia, unachomoa kile kipangaboi chenye sumaku kinachosukuma maji unakipiga mswaki, unasuuza vizuri, unarudisha. Dada wa jikoni amenichukia kwa ajili ya siki. Juu ya ile chupa kaandika "YA ACHARI" kwa kalamu nyekundu. Mswaki ni wa chumba cha wageni. Wageni wakija, nyamazeni.

Lakini yote hayo ni mchana. Balaa ni umeme ukikatika. Pampu ikizima, maji yaliyopandishwa yanataka kurudi chini, na bomba la kupandishia linageuka la kuteremshia, linajivuta lenyewe. Ndiyo maana wametoboa kitobo kidogo kwenye bomba hilo karibu na uso wa maji: uso ukishuka kidogo, kitobo kinavuta hewa, mvuto unakatika. Kitobo kama cha kifungo cha shati ndicho kinachotenganisha zulia na Bahari ya Hindi. Sasa nambieni, katika mawe yote yale, mapango yote yale, konokono aliona alale wapi?

Usiku ule jenereta halikuwa na dizeli. Tangi la chini likajaa, likafurika, nami nimesimama kwenye maji nikimbandua konokono kwa kucha, hataki. Bosi akapiga. Hakuuliza mlinzi mzima. "Kamba wazima?" Wazima bosi, nimewawashia pampu ya hewa ya betri, wanapumua kuliko mimi. Siku hizi kitobo nakisugua kila wiki. Tangi la chini nimelichora mstari: pampu ikifanya kazi, maji yasivuke hapa, ibaki nafasi ya yatakayoshuka. Na waya zote nimezilegeza zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Nikaomba nyongeza. Bosi kanipa cheo. Kwenye grupu la WhatsApp la nyumba naitwa Meneja wa Bahari, kwa mshahara ule ule wa geti. Mama Zawadi nyumbani Mbagala haoni cha kucheka: "Kamba wa watu wanakula kwa ratiba, wanao unawatumia salamu."

Juzi kaandika tena, na picha juu. Anataka pweza. Nikamjibu kwa heshima zote: bosi, pweza hana mfupa; panapopita mdomo wake unapita mwili mzima. Ataanza na kamba wako wote, amalizie kaa, halafu asukume mfuniko aje kutambaa sebuleni. Pweza sisi tunamjua, mahali pake ni sufuriani, jioni, kona ya mtaa, supu yenye ndimu na pilipili.

Tiki mbili za buluu. Kimya. Kisha likaja jibu:

"Nunua mfuniko wenye kufuli. Funguo kaa nazo wewe, si mlinzi?"