Florida State 2023: mechi 13, ushindi 13, na bado wakaachwa

Jumapili ya Desemba 3, 2023, kamati ya watu 13 ilitangaza timu nne za vyuo vikuu zitakazowania ubingwa wa futiboli ya Kimarekani: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State, waliomaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja na kutwaa taji la ligi yao ya ACC usiku uliotangulia, wakapangwa nafasi ya tano. Tangu mchujo wa timu nne uanze msimu wa 2014, bingwa wa ligi yoyote kati ya zile kubwa tano hakuwahi kuachwa akiwa hajafungwa. Naamini kamati ilikosea. Hata hivyo, waliotetea uamuzi ule walikuwa na hoja nzito kuliko mashabiki wa Tallahassee, mji wa Florida State, wanavyopenda kukubali.

Mambo yaliharibika Novemba 18, tena kwenye mechi nyepesi dhidi ya North Alabama. Kotabeki Jordan Travis, yule anayepokea mpira kila shambulio linapoanza na kuamua arushe, akimbie au ampe mwenzake, aliumia vibaya mguu wa kushoto na msimu wake ukaishia hapo. Timu ilishinda 58-13. Wiki moja baadaye, msaidizi wake Tate Rodemaker aliwaongoza kuwafunga mahasimu wao Florida 24-15 ugenini, lakini naye akatoka na jeraha la kichwa. Fainali ya ACC dhidi ya Louisville ikamwangukia Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza.

Fainali hiyo ndiyo kiini cha ubishi wote. Glenn alirusha pasi 21, zikafika nane tu, kwa jumla ya yadi 55. Kwa timu inayotaka ubingwa wa taifa, hizo ni takwimu duni mno, na aliyeitazama akiwa kwenye kamati alikuwa na haki ya kujiuliza: hawa watafunga vipi mbele ya Michigan? Lakini mechi hiyo hiyo ilionyesha safu ya ulinzi iliyokuwa moto. Jared Verse, Braden Fiske na wenzao waliwabana Louisville wasifikishe hata yadi 200, na Florida State wakashinda 16-6. Mjumbe mmoja wa kamati angeona ushambuliaji uliokufa. Mwingine angeona timu iliyopoteza makotabeki wawili na bado ikapata njia ya kushinda.

Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, alieleza kwamba bila Travis hii ilikuwa timu tofauti. Kanuni ya kamati ilimruhusu kusema hivyo: inataja wazi kuwa kukosekana kwa wachezaji muhimu kunaweza kuzingatiwa. Tena Alabama hawakubebwa. Siku ile ile ya fainali ya ACC waliwafunga Georgia 27-24 katika fainali ya ligi yao, SEC, na Georgia walikuwa mabingwa wa taifa misimu miwili mfululizo, wameshinda mechi 29 bila kufungwa. Ratiba ya Alabama ilikuwa ngumu kuliko ya Florida State, hilo halina ubishi. Mechi pekee waliyopoteza ilikuwa dhidi ya Texas, 34-24, nyumbani kwao. Matokeo hayo ndiyo yaliyoifunga kamati mikono: isingeweza kuwaingiza Alabama na kuwaacha Texas waliowafunga. Mmoja alipaswa kutoka, na aliyetolewa ni yule ambaye hakufungwa na mtu.

Hapo ndipo naona hoja ya kamati inapopwaya. Novemba 28, kamati hiyo hiyo iliwapanga Florida State nafasi ya nne na Alabama ya nane. Siku hiyo kila mtu alijua Travis hatarudi. Kisha Georgia, waliokuwa wa kwanza, wakafungwa. Florida State wakashinda taji, halafu wakashushwa. Kama jeraha la Travis lilikuwa kigezo, lilipaswa kuhesabiwa siku ile, kabla ya vijana kwenda Charlotte kucheza fainali wakiamini ushindi utawatosha.

Na utabiri wenyewe una historia mbaya. Mwaka 2014 Ohio State waliingia mchujo wa kwanza wakiwa na kotabeki wao wa tatu, Cardale Jones, na wakabeba kombe. Ni kweli Jones alikuwa ametoka kuwafunga Wisconsin 59-0, na Glenn hakuonyesha chochote cha namna hiyo. Ila hakuna aliyejua Jones angefika wapi mpaka aliporuhusiwa kucheza.

Wengi hutaja Orange Bowl, mechi ya baada ya msimu waliyopewa Florida State nje ya mchujo, kama ushahidi wa mwisho: Georgia 63, Florida State 3. Siukubali. Zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakucheza, wengine wakilinda miili yao kabla ya kwenda kwenye ligi ya kulipwa, wengine wakiwa wameshaamua kuhama chuo. Kikosi kile hakikuwa kile kilichowachapa LSU (chuo cha Louisiana State) 45-24 mwezi Septemba. Kwa upande wa Alabama, walipelekwa muda wa ziada na Michigan, waliokuja kuwa mabingwa, kabla ya kufungwa 27-20. Walistahili kucheza pale. Kustahili kwao hakufuti haki ya mwingine.

Kuanzia msimu wa 2024 mchujo ulipanuliwa hadi timu 12, na bingwa kama Florida State ya 2023 angeingia moja kwa moja. Travis alichaguliwa na New York Jets, timu ya NFL, ligi ya kulipwa, mwaka huo, lakini mguu haukupona sawasawa, akastaafu 2025 bila kucheza hata mechi moja ya NFL. Upanuzi umepunguza hatari, ila nafasi za waliokosa mataji bado zinagawiwa kwa kura za kamati. Hali ya majeruhi itumike kupanga nani akutane na nani. Isitumike kamwe kuamua nani aingie na nani abaki nyumbani.