Kiukraine si Kirusi kilichoharibika

Wapo wazee wetu wengi waliosomea udaktari na uhandisi katika Umoja wa Kisovieti, baadhi yao Kharkiv, Kyiv na Odesa, miji ambayo leo iko Ukraine. Walifundishwa kwa Kirusi, wakafanya mitihani kwa Kirusi, na sokoni wakajibiwa kwa Kirusi. Ukimuuliza mmoja wao habari za Kiukraine, huenda akakwambia: "Kile ni Kirusi cha shamba, kimechanganywa na Kipolandi." Kauli hiyo nimeisikia zaidi ya mara moja, na wenyewe hawaisemi kwa ubaya, ndivyo walivyoambiwa. Ina wasemaji wakubwa pia. Julai 2021 Rais Vladimir Putin alichapisha makala ndefu akishikilia kwamba Warusi na Waukraine ni taifa moja, na tofauti za lugha akazieleza kuwa mambo ya kimaeneo, matokeo ya watu kuishi karne nyingi chini ya dola tofauti.

Dai hili halikuzuka hewani. Kirusi, Kiukraine na Kibelarusi ni tawi moja la lugha za Kislavi, zilitoka katika lahaja za Slavi Mashariki zilizokuwa jirani, na kwa karne nyingi zilitumia lugha moja ya ibada. Mrusi akikaa Kyiv miezi michache, masikio yake huanza kufunguka. Katika sehemu nyingi za Ukraine watu huzungumza suržyk, mchanganyiko ambao ni vigumu kusema lugha hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Anayeyatazama haya tu, simlaumu akiona lugha moja yenye lafudhi mbili.

Tatizo ni neno "kuharibika". Linadai kwamba mwanzo kulikuwa na Kirusi kizima, kikaingiliwa na Kipolandi, kikawa Kiukraine. Hilo linapimika, na likipimwa halisimami.

Watetezi wa Kiukraine hukimbilia takwimu moja: asilimia 62. Ni ya mwanaisimu wa Kyiv, Kostiantyn Tyshchenko, aliyelinganisha misamiati. Kwa hesabu yake Kiukraine kinafanana na Kibelarusi kwa asilimia 84, Kipolandi 70, Kislovakia 66, na Kirusi kinafuata kwa 62. Ni namba tamu, na mtu akiitaja mbele ya wasiojua, mjadala huelekea kufungwa. Lakini nimeitafakari sana na sioni kama inabeba mzigo inaotwishwa. Asilimia ya maneno gani? Ukichukua maneno ya msingi, maji ni *voda* na mbili ni *dva* kote, Kyiv hata Moscow hata Warsaw. Ukichukua maneno ya ofisini, sheria na adabu, hapo Kipolandi kinachomoza: "asante" kwa Kiukraine ni *diakuiu*, kwa Kipolandi *dziękuję*, na Wapolandi nao walilitoa kwa Wajerumani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule ukaribu na Kipolandi ni mikopo. Mpinzani mwerevu ataigeuza namba hiyo hiyo na kusema: mnaona? Si tuliwaambia mmejaa Kipolandi?

Sisi wa Kiswahili tuna la kusema hapa. Tumeambiwa mara ngapi kwamba lugha yetu ni Kiarabu kilichovunjika, kwa sababu ya *kitabu*, *salamu* na *habari*? Jibu halikuwa kuyahesabu maneno ya Kiarabu ili tuonyeshe kuwa ni machache. Jibu lilikuwa ngeli, vitenzi na sauti, yale ambayo lugha hurithi na si rahisi kuyaazima dukani. Kiukraine nacho kipimwe hivyo.

Chukua mkono na mguu. Kwa Kirusi ni *ruka* na *noga*. Kwa Kiukraine *ruka* na *noha*. Sasa sema mkononi na mguuni. Mrusi atasema *na ruke*, *na noge*. Mukraine atasema *na rutsi*, *na nozi*. Ile k imekuwa ts, na ile g ya zamani imekuwa z. Mswahili hapaswi kushangaa: anayepika ni mpishi, si mpiki, anayejenga ni mjenzi, si mjengi. Irabu ya mbele, i au e, imeigusa konsonanti na kuibadilisha. Badiliko hilo katika Kislavi ni la kale kuliko dola ya Moscow na kuliko utawala wa Poland katika nchi ya Kyiv. Kipolandi kinalo (*na ręce*, *na nodze*), lakini Kiukraine hakikulikopa huko. Kimelirithi kutoka kwa mababu wale wale. Aliyeliacha ni Kirusi, ambacho kimesawazisha mashina yake, yaani neno hubaki na k au g ile ile kila mahali. Alama imebaki humo kama kovu: rafiki ni *drug*, marafiki ni *druzya*. Kwa hiyo hapa ni Kiukraine kilichokaa karibu na maandishi ya kale ya Kyiv. Nani amemharibu nani?

Na kama mikopo ndiyo uharibifu, Kirusi kina kesi ya kujibu. Adui kwa Kiukraine ni *voroh*, kwa Kirusi *vrag*. Kitamu ni *solodkyi*, kwa Kirusi *sladkiy*. Ile o iliyozunguka konsonanti pande mbili ndiyo alama ya Slavi Mashariki. *Vrag* na *sladkiy* zimevaa umbo la kusini, la Bulgaria, zikiletwa na Kislavi cha Kanisa, ile lugha ya kale ya ibada. Kirusi cha vitabu kimejaa maneno ya aina hiyo, na hakuna anayekiita Kibulgaria cha shamba.

Kuhusu kuelewana, swali ni nani anamwelewa nani. Waukraine wengi wanaelewa Kirusi kwa sababu wamekua nacho shuleni, kwenye televisheni na jeshini. Mrusi ambaye hajawahi kuishi huko hupotea mapema. Akimsikia msichana akisifiwa kuwa *vrodlyva*, yaani mzuri wa sura, sikio lake linakwenda kwenye *urodlivaya*, mwenye sura ya kuchukiza.

Upande wa Ukraine nao una wanaopitiliza. Wapo wanaosema Waslavi wa Kyiv wa karne ya 11 walizungumza Kiukraine hiki hiki, au kwamba Kirusi si Kislavi bali ni lugha ya Wafini iliyovishwa nguo. Hayo ni ya kukataa bila kusita. Barua za magome ya miti zilizofukuliwa Novgorod, mji wa kale wa kaskazini mwa Urusi, tangu 1951, ambazo sasa zimepita elfu moja, zinazitoa jasho pande zote mbili. Mwanaisimu wa Urusi Andrey Zaliznyak alionyesha kwamba lahaja ya huko haikuwa na lile badiliko la k kuwa ts kabisa: penye *tsel*, "zima", wao waliandika *kele*. Maana yake ni kwamba hata katika karne za 11 na 12 hapakuwa na Kirusi kimoja kizima cha kuja kuharibiwa, na mpaka mkubwa wa lahaja haukupita baina ya Moscow na Kyiv. Ulipita kaskazini, ndani ya nchi ambayo leo ni Urusi.

Wanaisimu wa Urusi wenyewe hawakuwa vipofu. Mwaka 1863 waraka wa waziri wa mambo ya ndani wa Urusi, Pyotr Valuev, ulibeba kauli kwamba lugha ya pekee ya "Urusi Ndogo", jina walilowaitia Ukraine, haikuwepo, haipo na haiwezi kuwepo. 1876 amri ya Ems, iliyotolewa na mfalme wa Urusi akiwa katika mji huo wa Ujerumani, ikazidi kukaba uchapaji wa Kiukraine. Lakini 1905 Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, kupitia kamati iliyowajumuisha wanaisimu Aleksey Shakhmatov na Filipp Fortunatov, kilitaka vizuizi hivyo viondolewe, kikakataa kwamba Kirusi cha vitabu ni lugha ya pamoja ya Warusi na Waukraine.

Linalonisumbua bado liko katika milima ya Karpati. Warusyn wa huko wana lugha yao, na ilisanifishwa nchini Slovakia mwaka 1995. Wanaisimu wengi wa Kyiv huiita lahaja ya Kiukraine, na baadhi yao hufanya hivyo kwa maneno ambayo wangeyakataa mara moja kama yangetoka Moscow.