Mipangilio ya Windows: Kuhama Bila Kumaliza Kuhama

Fundi wa kompyuta wa Barabara ya Nasser, Kampala, akipigiwa simu na mteja ambaye printa yake imegoma, hulazimika kwanza kuuliza toleo la Windows, kwa sababu njia ya kuifikia mipangilio si moja tena. Paneli Dhibiti (Control Panel), dirisha la zamani la kurekebishia mipangilio, ilianza na Windows ya kwanza ya mwaka 1985, ikakaa peke yake kwa zaidi ya robo karne. Mwaka 2012 Windows 8 ikaleta ukurasa mwingine, uliolenga zaidi vioo vya kugusa. Windows 10 ya 2015 ikaukuza ukawa programu ya Mipangilio, na ile ya zamani ikaachwa ibaki.

Wanaoitetea Paneli Dhibiti hawasukumwi na mazoea matupu. Mtumiaji hukumbuka mahali kitu kilipo hata akiwa amesahau kinavyoitwa, na mwalimu aliyechora njia ubaoni alitegemea kwamba mwakani njia itakuwa ile ile. Walioonja adha ya njia kubadilika si watu wa Windows pekee: Ventura, toleo la mfumo wa kompyuta za Mac lililotolewa na Apple mwaka 2022, iliondoa safu za alama zilizozoeleka kwenye Mac, ikaweka orodha ya wima mithili ya ile ya iPhone.

Watetezi wa mpangilio mpya hujibu kwamba siku hizi hakuna haja ya kukumbuka njia, andika tu unachotaka kwenye kisanduku cha kutafutia. Jibu hilo hunitosha mimi, lakini halimtoshi asiyejua jina la kitu anachokitafuta, hasa pale ambapo kompyuta yenyewe imewekwa kwa Kiingereza, naye Kiingereza chake ni cha kubabaisha.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo Paneli Dhibiti haina la kulijibu. Katika Mipangilio ya Windows 10 na 11, mtumiaji anaweza kuutambulisha mtandao wa Wi-Fi kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, na mfumo ukaahirisha kupakua masasisho mengi. Kwa mtu wa Gulu anayeiunganisha kompyuta mpakato na simu yenye bando la siku moja, swichi hiyo inaweza kuamua kama bando litafika jioni au litaisha kabla hajafungua barua pepe ya kwanza.

Kwa hiyo silaumu kuhama. Nalaumu kuhama nusu nusu. Katika Windows 11, ukibofya sehemu ya printa ndani ya Paneli Dhibiti unaweza kujikuta umepelekwa kwenye Mipangilio, ilhali ukiingia kwa Mipangilio kurekebisha sauti kwa undani, dirisha linalofunguka mwishoni ni lile lile la zamani. Mwalimu anayeandaa somo la mipangilio analazimika kuifundisha milango yote miwili, pamoja na ujia unaoiunganisha.