Trakehner: Mlango Ufunguliwe?

Miongoni mwa wafugaji wa farasi wa mashindano kuna hoja isiyokwisha: je, Trakehner aendelee kukataa damu ya nje? Mimi nasema aendelee, ingawa wanaotaka mlango ufunguliwe wana hoja nzito.

Trakehner ni farasi wa damu vuguvugu: ana wepesi wa farasi wa mbio, lakini anafundishika kwa utulivu. Asili yake ni Prussia Mashariki. Mwaka 1732 Mfalme Friedrich Wilhelm I alianzisha kituo cha uzalishaji huko Trakehnen, eneo ambalo leo liko mkoa wa Kaliningrad, Urusi. Alitaka farasi wa jeshi mwepesi na mvumilivu. Majike wagumu wa kienyeji wakaja kupandishwa na madume wa Kiarabu na wa mbio wa Kiingereza, na hadi leo damu za jamii hizo mbili na machotara wao ndizo zinazokubalika. Mtazame kwa karibu: kichwa kimechongeka, jicho kubwa, ngozi nyembamba hata mishipa inaonekana. Akikimbia, kila hatua anabaki hewani kidogo kabla kwato hazijagusa ardhi.

Wapinzani wanaonyesha Hanover, eneo la Ujerumani lenye jamii yake ya farasi. Huko, kituo cha Celle kipo tangu 1735, na wafugaji hupokea dume bora wa jamii nyingine. Ndiyo maana farasi wao wanatamba katika kuruka viunzi. Trakehner aliyeng'ara humo, Abdullah, alipata medali Los Angeles mwaka 1984, zamani sana. Tena ukoo ni mdogo. Majira ya baridi ya 1945, Vita Kuu ya Pili ikikaribia kwisha, majike wengi, baadhi wakiwa na mimba, walivuta mikokoteni ya wakimbizi juu ya barafu ya wangwa wa Vistula, ghuba ya pwani ya Baltiki, huku ndege zikiwashambulia. Waliofika magharibi walikuwa wachache mno, na ukoo mdogo ni rahisi kuzalisha ndugu kwa ndugu.

Hilo la mwisho linaniumiza kichwa kweli. Lakini Hanover wenyewe, walipotaka farasi mwepesi baada ya vita, walimtumia Abglanz, dume wa Trakehner. Ukishawachanganya wote, wepesi huo utaufuata wapi? Na katika driseji, mchezo wa farasi kufuata mienendo iliyopangwa, jike wa Trakehner Dalera ametwaa dhahabu Tokyo na Paris.

Na kuhusu udogo wa ukoo, damu mpya ipo, kwa farasi wa mbio wa Kiingereza. Perfectionist, dume wa jamii hiyo, aliingia kwa mlango huohuo mwanzoni mwa karne ya 20, akamzaa Tempelhüter, dume aliyechongewa sanamu ya shaba Trakehnen.