Rudi nyuma hatua kumi, ndipo upige

Binamu yangu anaishi San Diego, kule California, na karibu kila Jumapili hunitumia picha za simba-bahari. Wanyama hao wako La Jolla, ufuo wa mjini kabisa. Wamejilaza juu ya miamba kama abiria waliokosa basi la usiku, na juu yao kidogo tu kuna ukuta wa barabara, magari, mikahawa na watoto wenye aiskrimu. Mwanzoni nilimwonea wivu. Huku Mombasa simba-bahari hatuna, wao ni viumbe wa maji baridi, na maji yetu hata saa nane usiku yana uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.

Lakini picha zake zilikuwa zile zile. Uso, sharubu, jicho jeusi la majimaji. Uso, sharubu, jicho. Ukizichanganya hujui ipi ya juzi na ipi ya mwaka jana. Kisha siku moja akanitumia moja aliyoipiga kutoka juu ya ukuta. Simba-bahari walionekana wadogo kama kokwa za tende zilizomwagwa mwambani, na mbele yao kuna safu ya migongo ya watu, mikono yote juu, simu zote zimeelekezwa upande mmoja. Katikati ya safu, mama mmoja ameiacha simu yake ikining'inia mkononi. Anatazama tu, mdomo wazi. Nikamwandikia: hii ndiyo picha. Akashangaa, alikuwa anataka kuifuta. Baadaye ndipo nikajua kwamba hata kusimama ukutani hakupenda mwenyewe: amelazimishwa. Nitafika hapo.

Ninalotaka kusema najua wapiga picha wenzangu wa Nyali na Bamburi watanibishia. Kwenye ufuo uliojaa watu, picha ya karibu ndiyo picha duni. Duni kama picha, kabla hata hatujazungumzia kumsumbua mnyama. Uso wa kasa ni uso wa kasa, uwe umepigwa Mombasa, Oman au Australia. Cha ajabu si kwamba ana uso. Cha ajabu ni kwamba bado anapanda hapa kutaga, kwenye mchanga ambao mchana kutwa umekanyagwa na ngamia, wauza madafu, wachezaji mpira na wanandoa wapya kutoka bara wanaoogopa mawimbi. Ukimsogelea mpaka akajaza fremu nzima, hayo yote umeyakata, na yalikuwa ndiyo habari yenyewe.

Wenzetu wa La Jolla somo hili wamelipata kwa taabu. Marekani ina sheria ya kulinda mamalia wa baharini tangu 1972, na haimruhusu mtu kuwabughudhi. Haikuzuia watu kupanda miambani na kumpakata mtoto wa simba-bahari ili wapate selfi. Dume hufika kilo 300 na zaidi, na huuma. Watoto huzaliwa mnamo mwezi wa sita, na kundi likikurupuka kukimbilia majini, kichanga kinaweza kuachwa nyuma au kukanyagwa hapo hapo. Mwishowe, mwaka 2023, madiwani wa jiji wakaamua eneo la Point La Jolla lifungwe mwaka mzima, si msimu wa kuzaa tu. Binamu alinung'unika wiki nzima. Haki za raia, kodi anayolipa, na kadhalika. Tangu hapo anapiga kutoka ukutani, na picha zake zimekuwa nzuri maradufu. Hilo sijamwambia.

Mimi mwenyewe sina usafi wa kumhubiria mtu.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa bamvua mwezi wa tano, rafiki yangu anayelinda nyumba moja ya ufuoni Nyali alinipigia simu. "Njoo mbio, mama amepanda." Nikaruka kwenye boda boda na kamera kifuani. Nilimsikia kasa kabla sijamwona. Alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayepandisha gunia la mchele ngazi za orofa ya tatu: anavuta, ananyamaza, anashusha yote kwa mpigo. Mnyama wa zaidi ya kilo mia, ambaye majini huruka kama ndege, sasa anajikokota kwa mapezi, kiganja kwa kiganja. Mchanga ulikuwa umemganda chini ya macho. Wazee husema analia kwa uchungu wa kuzaa. Ni chumvi ya bahari, mwili wake huitoa kupitia machoni, ikatiririka kama kamasi nzito.

Tungekaa kimya tungeona kila kitu. Lakini alikuja mlinzi wa jirani, wakaja vijana wanne, wakaja wageni wawili wa hoteli na glasi zao mkononi. Mmoja akawasha tochi ya simu. Mimi nikawasha flashi. Mara moja tu, nilijiambia. Kasa akasimama. Akakaa hivyo dakika nzima, kichwa chini, halafu akaanza kugeuka, pezi moja likichimba na jingine likisukuma, mpaka akaielekea bahari. Akarudi bila kuchimba shimo wala kutaga yai hata moja. Akishaanza kutaga kwa kawaida huendelea, lakini kabla ya hapo mwanga na fujo kidogo vyatosha kumrudisha na mayai yake mia na ushee tumboni.

Kasa wa namna ile huchukua miaka 20, 30 au hata zaidi mpaka afikie kutaga, na hurudi pande zile zile alikoanguliwa. Yule huenda alitoka kwenye mchanga wa huku kabla simu yenye kamera haijaingia nchini. Na picha niliyoipata? Kichwa kimeungua kwa flashi, nyuma yake giza totoro. Hakuna Nyali, hakuna bahari, hakuna wale wageni na glasi zao. Ingeweza kupigwa kwenye hodhi la maonyesho popote duniani.

Watu wengi wakisikia kisa hiki huwarukia mabichiboi, vijana wanaowatembeza wageni ufuoni, eti wao ndio wanaouza wanyama kwa wageni. Siafiki. Bichiboi anajua mlango wa mwamba uko wapi, maji yanakupwa saa ngapi, na pomboo hupita upande gani. Anachouza ni kile mteja anachoomba. Mteja akisema "nipeleke karibu zaidi", atapelekwa. Sijawahi kumsikia mteja akisema "nitafutie pahali pazuri pa kukaa, tusubiri." Hifadhi ya bahari ipo hapa tangu 1986, kilomita 10 za mraba mbele ya hoteli hizi hizi, na askari wake wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawawezi kusimama nyuma ya kila simu.

Aliyenifundisha kusubiri ni nahodha mmoja wa Kimtwapa. Nyangumi wa nundu hupanda kutoka bahari za kusini, Antaktika huko, wakaja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, na kati ya mwezi wa saba na wa tisa hupita nje ya mwamba. Ni majira ya kusi, kwa hiyo chombo kinarukaruka na lensi inapakwa chumvi kila dakika tano. Tulipoona mvuke wa kwanza nilimwambia, "Ami, sogea." Akapunguza mashine. Nikadhani hakunisikia. "Nimekusikia," akasema. "Huyu ana mtoto. Hafuatwi kwa nyuma, wala hakatizwi mbele. Tunakaa ubavuni, mbali. Mwenyewe akitaka atakuja."

Hakuja. Boti nyingine iliyojaa watalii ilimkimbilia mashine wazi kabisa, na nyangumi akazama, akaibuka mbali sana. Kutoka tulipokuwa nilipata mgongo mweusi wa mama, mgongo mdogo pembeni yake, na nyuma yao meli ya makontena imetia nanga ikingoja zamu ya kuingia Kilindini. Kuzaliwa na biashara katika fremu moja. Ningekuwa kwenye ile boti nyingine ningekuwa na povu.

Kwa hiyo siku hizi zana zangu ni chache: lensi ya kawaida, kitambaa cha pamba cha kufutia chumvi, na tochi nyekundu hafifu ambayo nayo siiwashi mbele ya kasa. Simu nimeizima ile sehemu inayorekodi mahali ilipopigwa picha, maana picha ya kiota yenye ramani ndani yake ni barua ya mwaliko kwa mwizi wa mayai. Na naenda alfajiri, baada ya mambo kwisha. Jua letu hutoka baharini, kila kitu kinakuwa kivuli, na mimi nimeshakubali kwamba vivuli havinidai.

Mwaka jana, kusi likianza, nilikuta nyayo. Mkanda mpana kama tairi la trekta umetoka majini, ukapita kati ya vitanda vya jua vya hoteli vilivyorundikwa, ukazunguka mabaki ya moto wa jana na chupa ya soda, ukafika chini ya mikadi. Hapo mchanga umechimbuliwa, umefukiwa, umepigwapigwa. Kisha mkanda wa pili unarudi baharini. Juu ya mkanda ule kulikuwa na alama za viatu vya mtu anayekimbia mazoezi, ambaye nadhani hakutazama chini. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikarudi tena, mpaka vitanda, chupa, mikadi na bahari vikaingia vyote.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amesimama kando na kuti la mnazi mkononi, akinisubiri kwa adabu.

"Ushapiga?"

"Nishapiga, mzee."

"Haya, nipishe." Akaanza kulifagia lile jia kwa kuti, kutoka kwenye mikadi akishuka kinyumenyume kuelekea majini, na alipofika kwenye maji mchanga ulikuwa kama haujapitwa na mtu.