Wafanyakazi halisi wa mtambo wa majitaka

Mtambo wa kusafisha majitaka ukizinduliwa, wakubwa hupigwa picha mbele ya zege na pampu. Sina ugomvi na zege. Ila kazi yenyewe hufanywa na bakteria, na kwangu mimi injinia wa majitaka ni mfugaji kuliko alivyo mjenzi.

Majitaka yanayoingia mtamboni huwa karibu asilimia 99.9 maji. Hicho kidogo kinachobaki ndicho kinachosumbua. Nondo za chujio hunasa matambara na plastiki, mchanga hutuama, kisha maji hutulizwa kwenye tangi kubwa. Vizito vinazama, mafuta yanaelea na kukwanguliwa.

Kilichoyeyuka hakizami hata ukisubiri mwezi. Hapo ndipo bakteria wanapohitajika. Maji hupitishwa kwenye matangi yanayopulizwa hewa usiku na mchana, nao hula uchafu, huzaana na kushikamana kuwa vibonge vya kahawia. Katika tangi linalofuata hakuna msukosuko, kwa hiyo vibonge hushuka chini kuwa tope na maji yaliyotakata hufurika juu. Mwaka 1914 wanakemia Edward Ardern na William Lockett, wakifanya kazi Manchester, Uingereza, walionyesha faida ya kutolitupa tope hilo. Walilibakiza likapokea majitaka mapya, na kazi iliyokuwa ikichukua wiki kadhaa ikamalizika ndani ya siku moja. Mitambo mingi mpaka leo hurudisha sehemu ya tope kwenye tangi la hewa, bakteria wakiwa na njaa.

Tope linalozidi huweza kupelekwa kwenye tangi lililozibwa lisiingie hewa, lenye joto la nyuzi 35 hivi, ambako bakteria wa aina nyingine hulimeng'enya na kutoa methani. Gesi hiyo inaweza kuzalisha umeme.

Na umeme unahitajika kweli. Kupuliza hewa peke yake mara nyingi hula karibu nusu ya umeme wote wa mtambo, ndiyo maana fedha zikipungua kuna kishawishi cha kuzima vipulizia "kwa muda tu". Nakipinga kabisa. Bakteria wanaohitaji oksijeni hawajui habari za bajeti, wakifa, kuwakuza upya ni kazi ya wiki nyingi, na muda wote huo mtambo kwa nje unaonekana mzima (picha zake bado nzuri!) huku uchafu ukienda mtoni. Bora kujenga mtambo mdogo ambao bili yake italipika.

Gereji na viwanda nao wanaomwaga asidi au mafuta machafu kwenye bomba la majitaka wanawaua bakteria hao hao. Faini ya kosa hilo ingepaswa kuhesabu gharama ya kuwafufua, pamoja na kila siku ambayo mto umepokea majitaka yasiyosafishwa.